KILA MTU NA MAUMBILE YAKE
Somo kwa makatekista, walimu na wazazi

Sisi tuliokabidhiwa watoto twakosa mara nyingi kwa kuhukumu moyo wa mtu kwa kuutazama uso wake tu. Somo hili latufundisha kupambanua maumbile ya mtu na fadhila yake.

I. KISA
Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, makesha ya Pentekoste, mlima Nyiragongo ulipasuka. Sisi watu wa Katoyi, hapa Goma, tuliona mbingu imekuwa nyekundu, tukaukumbuka mwaka 2002, moto ulipoukata mji na kuliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Hatari ilikuwa moja, lakini kila mtu alifanya lake. Huyu alipiga kelele akakimbilia upande wa Gisenyi bila kufunga mlango. Yule aliwahesabu watoto mara tatu kabla ya kuondoka. Wa tatu aliketi kimya kama asiyesikia. Wa nne alifanya mzaha njiani huku akiwabebea wengine mizigo.

Masomo yaliporudi, niliwaomba watoto wa mafundisho wasimulie waliyoyaona. Wengi walilia. Mtoto mmoja alicheka. Nilimkaripia, kesho yake akacheka tena. Nikasema moyoni kwamba hana huruma, nikaliondoa jina lake katika orodha ya Komunyo ya kwanza. Siku chache baadaye bibi yake alinijia, akaniambia: "Mwalimu, mjukuu wangu halali usiku. Mlango ukigongwa, anaruka. Tangu utoto wake, akiogopa anacheka." Niliona haya. Nililirudisha jina lake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana mbele yao ndipo nilipomwaibisha.

II. MAFUNDISHO
Vidole vya mkono mmoja havilingani, na watu ni vivyo hivyo. Waganga wa kale, Hippocrates na Galenus, walifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, kamasi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Wafuasi wao walisema kwamba wingi wa moja la maji hayo humfanya mtu kuwa mchangamfu, mtulivu, mkali au mwenye huzuni. Sayansi imekwisha kuyakataa mafundisho hayo ya maji. Wataalamu wengi wa siku hizi hupima mambo matano: mtu hupenda kiasi gani kukaa na wenzake, hufuata utaratibu kiasi gani, ni mpole kiasi gani, huingiwa na wasiwasi upesi kiasi gani, na hupenda mambo mapya kiasi gani. Hawawatii watu katika masanduku manne. Kila mtu ana kiasi chake cha kila jambo. Tena, kwa kuwachunguza mapacha, wameona kwamba karibu nusu ya tofauti hizo yatokana na urithi wa wazazi. Sehemu nyingine yatokana na maisha.

Basi, kuwa mkimya si kiburi, na kuwa mwepesi wa machozi si utakatifu. Maumbile ni kama udongo wa shamba: hatukuuchagua. Fadhila na dhambi ni kazi ya jembe letu.

III. MFANO WA MAANDIKO MATAKATIFU
Someni Matendo ya Mitume, sura ya 15. Marko alikuwa amewaacha Mitume katika Pamfilia. Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo alikataa. Wakagombana hata wakaachana: Barnaba akaenda Kipro pamoja na Marko, Paulo akamchukua Sila. Barnaba alimwona mtu wa kusaidiwa, Paulo aliona kazi isiyopaswa kuharibika. Wote wawili walimtumikia Kristu. Baadaye, katika Waraka wa pili kwa Timoteo, sura ya 4, Paulo aagiza Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika utumishi. Mtu aliyehukumiwa dhaifu alionekana wa lazima.

IV. MATUMIZI
Kwanza, usitoe hukumu kabla ya kuuliza. Muulize mtoto mwenyewe faraghani, kisha waulize wanaoishi naye.

Pili, mpe kila mmoja kazi inayomfaa, lakini usimfungie humo. Mchangamfu aongoze nyimbo, naye ajifunze kunyamaza. Mkimya atunze vitabu, naye azoezwe kusema.

Tatu, mtu asijifiche nyuma ya maumbile yake, akisema: "Ndivyo nilivyoumbwa." Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, asifiwa kwa upole; lakini kwa asili alikuwa mwepesi wa hasira, akapigana nayo miaka mingi. Neema haiyafuti maumbile, huyanyosha.

Wapenzi, Roho Mtakatifu ambaye sikukuu yake ilitukuta njiani na mizigo kichwani ni mmoja, na vipaji vyake ni vingi. Usiku ule tulimhitaji aliyepiga kelele ili tuamke, aliyehesabu ili asipotee mtoto, na aliyefanya mzaha ili miguu isichoke. Naye aliyeketi kimya alituhitaji sisi, tumshike mkono.

MASWALI
1. Maumbile na fadhila hutofautianaje?
2. Kwa nini Paulo na Barnaba waliachana, na Marko alikuwa nani mwishoni?
3. Katika darasa lako au nyumba yako, ni nani uliyemhukumu kwa uso wake? Utamwambia nini juma hili?