Sampu Kavu Isiyokauka: Istilahi, Utendakazi na Matunzo ya Mfumo wa Oili katika Magari ya Spoti

1.0 Utangulizi

Istilahi ya kiufundi ina kazi mbili: kuitaja dhana na kumwelekeza mtumiaji asikosee. Ikitimiza ya kwanza na kushindwa na ya pili, huweza kuleta hasara. Makala haya yanaichunguza istilahi moja ya uhandisi wa magari, sampu kavu, kwa kueleza mfumo unaorejelewa na matunzo yake, kisha kuipima istilahi yenyewe. Hoja kuu ni kwamba kivumishi kavu kinaficha jambo ambalo mwenye gari na fundi wanapaswa kulijua kwanza: oili haikuondolewa, imehamishwa tu.

Neno oili limeteuliwa kwa makusudi. Katika matumizi ya kawaida nchini Kenya, mafuta ya gari huweza kumaanisha petroli au dizeli. Oili humlenga msikilizaji kwenye kilainishi.

2.0 Utendakazi wa Mfumo

Katika gari la kawaida, oili hukusanyika ndani ya sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Pampu huivuta kutoka humo na kuisukuma hadi kwenye beringi za krankishafti, kisha oili hutiririka kurudi chini. Gari likikata kona kwa kasi, oili huegemea upande mmoja na mdomo wa pampu huweza kuvuta hewa badala yake. Beringi zikikosa oili, hata kwa muda mfupi, chuma husuguana na chuma.

Mfumo wa sampu kavu hutatua tatizo hili kwa kutumia pampu za aina mbili. Pampu za kufyonza huichukua oili kutoka chini ya injini mara tu inapodondoka na kuipeleka kwenye tangi lililo kando. Humo hewa hujitenga na oili. Pampu ya msukumo huivuta oili kutoka chini ya tangi na kuirudisha kwenye injini. Kwa kuwa oili inayofyonzwa huwa imechanganyika na hewa, uwezo wa pampu za kufyonza hufanywa mkubwa kuliko wa pampu ya msukumo. Manufaa mengine ni kwamba bakuli huweza kuwa la kina kifupi, hivyo injini huwekwa chini zaidi na gari hutulia barabarani.

Porsche 911 imehusishwa na mfumo huu tangu miaka ya 1960. Kenya inalifahamu gari hilo vyema: mwaka 1978 Vic Preston Jr alimaliza wa pili katika Safari Rally akiliendesha, na mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda kwalo mashindano ya Safari ya magari ya zamani.

3.0 Utegemevu na Matunzo

Mfumo huu huilinda injini, lakini huongeza idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika: mipira ya kupitishia oili, viungio vyake, vichujio vya wavu na, katika baadhi ya magari, mkanda unaoendesha pampu. Mpira ukipasuka, tangi zima huweza kumwagika. Mambo manne yanahitaji uangalifu.

(a) Kupima kiwango. Katika 911 za kupozwa kwa hewa, oili hupimwa injini ikiwa moto na ikiunguruma, gari likiwa mahali tambarare. Gari likikaa muda mrefu, oili huvuja polepole kutoka kwenye tangi na kurudi ndani ya injini. Kijiti cha kupimia huonyesha upungufu usiokuwapo. Asiyejua huongeza oili, na ziada hiyo huishia kwenye njia ya hewa. Katika Chevrolet Corvette Z06 ya 2006, injini hupashwa moto, ikazimwa, kisha dakika chache hungojwa. Maelekezo ya mtengenezaji hayana mbadala.

(b) Kubadilisha oili. Kumwaga iliyo chini ya injini pekee huacha sehemu kubwa ya oili chafu ndani ya tangi. Pande zote mbili humwagwa.

(c) Kuwasha baada ya matengenezo. Injini huzungushwa bila kuwaka hadi geji ionyeshe msukumo wa oili, ili beringi zisianze kazi zikiwa kavu.

(d) Kusafisha baada ya injini kuvunjika. Vipande vya chuma husafiri hadi kwenye tangi, mipira na kipoza oili. Injini mpya ikiunganishwa na kipoza kichafu, huuawa na mabaki ya ile ya kwanza.

4.0 Tathmini ya Istilahi

Sampu kavu ni istilahi fupi na inalingana na ya kimataifa, lakini uangavu wake ni hafifu. Kinyume chake kina matatizo zaidi: anayetafsiri sisisi na kusema sampu ya maji atamshtua fundi, kwani maji ndani ya oili ni dalili ya ubovu. Sampu ya kawaida inatosha.

Kwa dhana yenyewe, mfumo wa tangi la kando unafaa zaidi, kwa kuwa unataja mahali oili ilipo. Pia unafichua udhaifu wa jina la kibiashara. Katika Boxster ya 1996 na 911 iliyofuata, Porsche iliutaja mfumo wa injini ya kawaida kuwa sampu kavu iliyounganishwa, ingawa oili ilibaki katika bakuli chini ya injini. Aina ya GT3 ya 1999 ilikuwa na tangi la kando. Kwa istilahi ya kwanza, magari yote mawili ni makavu. Kwa ya pili, tofauti inajitokeza bila maelezo.

5.0 Hitimisho

Kukopa neno si kosa, na sampu itabaki sampu. Kinachohitaji kupimwa ni kile kinachoambatishwa kwalo. Mwanaistilahi anayekijua kifaa kabla ya kukipa jina humwokoa fundi kutokana na hasara.

Maswali
1. Linganisha istilahi sampu kavu na mfumo wa tangi la kando kwa vigezo vya usahihi, ufupi na uangavu.
2. Taja istilahi nyingine tatu za gereji ambazo tafsiri sisisi ingempotosha fundi, na upendekeze mbadala.