Jua na Ngozi Yetu: Maneno Matano ya Kujifunza

Wasomaji wetu, leo tunajifunza juu ya mwanga wa jua. Jua sote tunalifahamu. Linakausha mahindi yetu na kuotesha mimea. Lakini jua hilo hilo laweza kuumiza, tena wengine huwaumiza zaidi. Soma polepole. Ukikwama, rudia. Si aibu.

1. MWANGA. Mwanga wa jua hutoka mbali, kama kilometa milioni 150. Hutumia dakika 8 hivi kutufikia. Twauona mweupe, kumbe ndani yake mna rangi nyingi. Tazama upinde wa mvua: upande mmoja nyekundu, upande wa pili urujuani.

2. MIONZI YA URUJUANIMNO. Kupita rangi ya urujuani kuna mionzi ambayo jicho haliioni. Mtaalamu wa Ujerumani, Johann Ritter, aliigundua mwaka 1801. Mionzi hii ikiwa kidogo, husaidia mwili kutengeneza vitamini D ya kuimarisha mifupa. Ikizidi, huunguza ngozi. Hupita hata mawinguni. Kwa hiyo usiseme, "Leo hakuna joto, basi hakuna hatari."

3. MELANINI. Hii ni rangi iliyomo katika ngozi, nywele na macho. Kazi yake ni kama ya kivuli cha mwembe: hupunguza mionzi inayoingia ndani ya ngozi.

4. UALBINO. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo sana, au bila melanini kabisa. Inakadiriwa kuwa hapa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400. Si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni jambo la kurithi. Mara nyingi mtoto hurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe wana ngozi nyeusi. Basi baba anayemfukuza mke kwa sababu hiyo, anamwonea. Na yale majina ya zamani ya kudhalilisha tuyaache. Tuseme "mtu mwenye ualbino".

5. SARATANI YA NGOZI. Ngozi ikiunguzwa na jua mwaka hadi mwaka, yaweza kupata saratani, yaani kansa. Watu wenye ualbino hupatwa zaidi, wengine wangali vijana. Huanza kidogo: kidonda kisichopona, au uvimbe unaokua, hasa usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Ikigunduliwa mapema, hutibika. Ikicheleweshwa, huua.

TUFANYE NINI?

Mtoto mwenye ualbino asikae juani, hasa toka saa 4 asubuhi mpaka saa 10 alasiri. Kazi ya shamba ifanywe alfajiri au jioni. Avae mikono mirefu na kofia pana inayofunika masikio na shingo. Kofia ndogo ya mbele tu haitoshi. Unataka kujua kama nguo inafaa? Inyanyue kuelekea dirishani. Ukiona mwanga mwingi unapenya, hiyo haifai.

Mafuta ya nazi hayatoshi kuzuia mionzi. Yako mafuta maalumu ya kukinga jua. Hata hapa nchini yamekuwa yakitengenezwa, huko Moshi, katika hospitali ya KCMC. Ulizeni kwenye zahanati au kituo cha afya namna ya kuyapata.

Tusisahau macho. Melanini ikikosekana, mwanga mwingi huingia jichoni na kumsumbua mtoto, tena haoni mbali. Shuleni wengine husema ni mzito wa kusoma. Siyo! Haoni ubao. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha.

Na kidonda kisichopona kwa wiki 4, msingoje. Nendeni hospitali.

Ndugu msomaji, kama jirani yako ana mtoto wa namna hii na hajui kusoma, msomee ukurasa huu.

MASWALI

1. Kwa nini jua laweza kuunguza hata siku ya mawingu?
2. Melanini inafanya kazi gani?
3. Mama akizaa mtoto mwenye ualbino, je, ni haki kumlaumu? Eleza.
4. Taja mambo mawili utakayofanya kumsaidia mtoto mwenye ualbino kijijini kwako.