Betri za lithiamu kwa taa na vyombo vya uvuvi: Hesabu kwanza, pesa baadaye

Wiki hii somo letu linawahusu wenye mitumbwi na boti za uvuvi, wauzaji wa vifaa vya umeme, pamoja na wale wenye akiba ndogo wanaotafuta mahali pa kuiweka. Swali ni moja: je, inalipa kuacha betri ya risasi, yaani ile ya maji tuliyoizoea kwenye magari, na kununua ya lithiamu kwa ajili ya taa za dagaa, mashine ya kutafutia samaki na kifaa cha kuonyesha njia?

Wauzaji watakujibu haraka kwamba inalipa. Mwandishi wa somo hili anasema: inategemea idadi ya usiku utakaovua na betri hiyo. Tuone kwa nini.

Shughuli yenyewe

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hufanyika usiku, kwa mwanga. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na karabai za mafuta ya taa. Baadaye zikaja taa za umeme zinazotumia betri, na sasa taa hizo zimeenea pande zote za ziwa, iwe kwa wanaomwita samaki huyo dagaa, omena au mukene. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hauna nguvu ya kuvuta samaki, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Kwa hesabu ya leo tutachukua usiku 20 wa kazi kwa mwezi.

Mwenye mtumbwi anajua kwamba taa ikizimika saa nane usiku, dagaa waliokwisha kukusanyika hutawanyika. Mafuta ya injini yamekwisha kutumika, vibarua wanadai chao, na mwaloni asubuhi hakuna cha kuuza. Kwa hiyo betri mbovu ina gharama mbili: bei yake dukani, na samaki waliopotea.

Tofauti ya betri hizi mbili

Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ni imara, inajulikana kwa kila fundi, na ikifa chakavu chake kina mnunuzi. Udhaifu wake ni kwamba haipendi kuishiwa. Ikijaa na kutulia husoma kama volti 12.7, ikifika nusu husoma kama 12.1, na kadiri inavyotumika volti huendelea kushuka. Ndipo taa nyingi hufifia, na mashine ya kutafutia samaki hujizima hasa injini inapopigwa stata kwa betri hiyo hiyo. Ukiizoesha kushuka chini ya nusu, unaiua mapema. Hivyo betri iliyoandikwa Ah 100, kwa matumizi ya busara, ni ya Ah 50 tu.

Lithiamu ziko za aina nyingi. Ile inayofaa kwa chombo cha majini ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo msingi wake ulitangazwa mwaka 1997 na timu ya John Goodenough huko Texas, Marekani. Goodenough na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu kwa ujumla. Aina hii ni tulivu zaidi kwa joto kuliko zile za simu. Ina seli nne za volti 3.2, jumla 12.8, na hukaa karibu na volti 13 kwa sehemu kubwa ya usiku kabla ya kuanguka ghafla mwishoni. Unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake bila kuidhuru.

Uzito nao ni jambo. Betri ya risasi ya Ah 100 ina kilo 27 hadi 30. Ya lithiamu ya Ah 50 ina kilo 5 hadi 7. Anayeibeba kila asubuhi kutoka mtumbwini hadi sehemu ya kuchaji ataelewa bila kuelezwa.

Tupige hesabu

Chukua mtumbwi wenye taa tatu za wati 15 kila moja na mashine ya kutafutia samaki ya wati 10. Jumla ni wati 55. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri ni saa 9. Wati 55 mara 9 ni 495.

Kwa risasi: 495 gawanya kwa volti 12 ni kama Ah 41. Kwa kuwa tunatumia nusu tu, tunahitaji Ah 82; dukani tutachukua ya Ah 100. Kwa lithiamu: 495 gawanya kwa 12.8 ni kama Ah 39. Kwa kutumia asilimia 80, tunahitaji kama Ah 48; tutachukua ya Ah 50. Kwa hiyo usilinganishe bei ya Ah 100 na Ah 100. Linganisha zinazofanya kazi sawa.

Sasa bei. Tarakimu zifuatazo ni za mfano; msomaji aweke za soko lake. Tuseme betri ya risasi ni shilingi 400,000, na ikitunzwa itatoa usiku 400, yaani mwaka mmoja na miezi minane. Ikifa, chakavu kitauzwa shilingi 40,000. Gharama halisi ni shilingi 360,000 kwa usiku 400, sawa na shilingi 900 kwa usiku.

Lithiamu tuseme ni shilingi 600,000, pamoja na chaja yake ya shilingi 100,000, jumla 700,000. Watengenezaji wengi hutaja mizunguko 2,000 na zaidi. Sisi tusiwe na haraka. Tuhesabu usiku 1,200, yaani miaka mitano. Hiyo ni shilingi 583 kwa usiku. Unaokoa shilingi 317 kila usiku, au 76,080 kwa mwaka wa usiku 240.

Mpaka hapo muuzaji ana haki ya kutabasamu. Lakini gawanya 700,000 kwa 900. Unapata usiku 778. Hapo ndipo lithiamu inaporudisha gharama yake, baada ya miezi 39 hivi. Ikifa au ikiibwa kabla ya hapo, umepata hasara, hata kama ilikuwa ikiwaka vizuri. Ikiibwa mwisho wa mwaka wa kwanza, kila usiku umekugharimu shilingi 2,917. Angalia pia dhamana: dhamana ya mwaka mmoja inalinda usiku 240 tu kati ya 778 unaouhitaji.

Na kama nyongeza ya shilingi 300,000 umeikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa mkopo wote, ukalipa ndani ya miezi 12, riba ni 108,000. Gharama inakuwa 808,000, na siku ya kurudisha inasogea hadi usiku wa 898, karibu miaka mitatu na miezi tisa. Bado ni faida kwa miaka mitano, lakini nafasi ya kukosea imepungua.

Hesabu hii haijaingiza samaki waliookolewa. Kama betri yako ya sasa inakuangusha usiku mmoja kila mwezi, andika thamani ya usiku huo. Kwa wenye mitumbwi wengi, tarakimu hiyo ndiyo itakayoamua, kuliko bei ya betri.

Mitego ya ununuzi

Kwanza, mizani. Betri iliyoandikwa 12.8V na Ah 100 lakini ina kilo 4 haiwezi kuwa na ujazo huo. Lithiamu ya aina hii hubeba takriban wati-saa 90 hadi 130 kwa kilo, na Ah 100 ni wati-saa 1,280. Kilo 10 hadi 13 ndiyo haki yake.

Pili, jaribu kabla ya kumaliza malipo. Chaji hadi ijae, washa taa ya wati 50, tazama saa. Betri ya kweli ya Ah 50 itawaka zaidi ya saa 12. Ikizima baada ya saa 6, umeuziwa nusu. Usipime kwa volti, kwa sababu lithiamu husoma karibu sawa ikiwa imejaa na ikiwa imebaki robo.

Tatu, chaja. Chaja za risasi zenye hatua ya kupandisha volti ili kusafisha betri huiharibu lithiamu. Kifaa cha kudhibiti sola nacho lazima kiwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, kikomo kikiwa kati ya volti 14.2 na 14.6. Anayebadilisha betri bila kubadilisha chaja amefanya nusu ya kazi.

Nne, usiitumie kupiga stata ya injini kama haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wenye boti kubwa za pwani waache betri ya risasi kwenye injini, na lithiamu ibaki kwa taa na vyombo, ikiwa na fyuzi yake karibu na mdomo wa betri. Boti yenye maji ya chumvi inahitaji vilevile viunganishi vilivyofungwa vizuri.

Kwa mwagizaji

Bei ya betri za lithiamu duniani, kwa wastani wa viwanda vya magari na akiba ya umeme, ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 na ikashuka hadi kama dola 115 mwaka 2024. Somo kwa mfanyabiashara ni kwamba mzigo unaokaa ghalani unaweza kuzeeka kwa bei kabla haujazeeka kwa umri. Agiza kidogo, uza, agiza tena.

Wale wanaosafiri Guangzhou au Dubai wasidhani watarudi nazo kwenye begi. Abiria wa ndege huruhusiwa betri hadi wati-saa 100, na kwa idhini ya shirika hadi 160. Betri yetu ya mfano ina 640. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Njia ni meli, zikitangazwa kama bidhaa ya hatari, na mtengenezaji atoe cheti cha majaribio kiitwacho UN 38.3. Asiyekuwa nacho, mwache.

Zoezi la wiki

Chukua daftari. Andika wati za taa zako zote, saa unazowasha, na usiku unaovua kwa mwaka. Andika betri ulizonunua miaka mitatu iliyopita na tarehe zilipokufa. Gawanya bei kwa usiku. Kama tarakimu unayopata iko chini ya shilingi 600 na taa hazikuzimikii, kaa ulipo. Kama iko juu ya 900, nenda dukani, na mizani mkononi.