Kumtambua Adui Asiyejulikana: Seli za Kinga na Ulinzi wa Mtandao wa Kompyuta

Mlinzi wa lango la shule aweza kufundishwa kazi yake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumpa orodha ya wezi wote wanaojulikana, pamoja na picha zao, na kumwagiza awazuie. Njia ya pili ni kumtaka awafahamu vyema wanafunzi, walimu na wafanyakazi wote wa shule, kisha amsimamishe kila asiyekuwa miongoni mwao. Njia ya kwanza hushindwa siku anapokuja mwizi mpya. Njia ya pili haihitaji kumjua mwizi yeyote, lakini huweza kumsumbua mgeni mwema.

Mwili wa binadamu hutumia zaidi njia hii ya pili pale unapokutana na maradhi ambayo haujapata kuyaona. Mwishoni mwa karne ya 20 wataalamu wa kompyuta waliichukua njia hiyo hiyo ili kupima usalama wa mawasiliano yanayopita katika mitandao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, na gharama yake. Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilitokana na utafiti wa wanafunzi wa vyuo vikuu.

VIPOKEZI VYA SELI T

Miongoni mwa chembechembe nyeupe za damu zimo seli ziitwazo seli T. Juu ya ngozi ya kila seli T kuna makumi ya maelfu ya vipokezi, navyo vyote ni vya umbo moja. Kipokezi ni protini yenye uwezo wa kushika kitu kinacholingana na umbo lake, kama ufunguo unavyolingana na kufuli. Kinachoshikwa na kipokezi cha seli T ni kipande kidogo cha protini ambacho seli nyingine ya mwili imekibeba na kukionyesha kwa nje.

Hapa linazuka swali. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 tu zinazotengeneza protini. Je, mwili unapataje mamilioni ya vipokezi vya maumbo mbalimbali? Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Tak Mak nchini Kanada na jingine na Mark Davis nchini Marekani, yalitangaza kuwa yamezipata jeni za kipokezi hicho. Ilionekana kwamba jeni hizo zimegawanyika vipandevipande. Kila seli T changa huchagua vipande vichache kwa bahati nasibu, ikaviunganisha, na hivyo ikapata kipokezi chake yenyewe. Mwili haujui ni virusi gani watakuja kesho, bali hutengeneza vipokezi vya kila namna.

TEZI YA THAIMASI

Bahati nasibu ina hatari yake. Kipokezi kilichotengenezwa hivyo chaweza kushika protini za mwili wenyewe, na seli yenye kipokezi cha namna hiyo ingeushambulia mwili unaopaswa kulindwa. Hapana budi pawepo mchujo.

Mchujo huo hufanyika katika tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa muda mrefu tezi hii ilidhaniwa kuwa haina kazi ya maana. Jacques Miller, aliyekwenda London kutoka Australia kusomea shahada ya udaktari, alikuwa akichunguza saratani ya damu katika panya. Kazi hiyo ilimwongoza kuwaondoa thaimasi panya waliozaliwa punde. Panya hao walipungukiwa na chembechembe nyeupe, wakashambuliwa na maradhi kwa urahisi, na hata ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wa ukoo mwingine hawakuikataa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1961, na tezi iliyodharauliwa ikajulikana kuwa ndiyo shule ya seli T.

Ndani ya shule hiyo seli changa huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Zile ambazo vipokezi vyake haviwezi kushika chochote hufa. Zile zinazoshika mno vitu vya mwili nazo huuawa. Seli nyingi hazihitimu. Chache zinazobaki hutoka na kuzunguka katika damu.

KUTOKA KWENYE DAMU HADI KWENYE WAYA

Mwaka 1994 Stephanie Forrest wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba mchujo wa thaimasi waweza kuigwa kwa hesabu ndani ya kompyuta. Mwanafunzi wake, Steven Hofmeyr, aliliendeleza wazo hilo katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1999, akiutumia mtandao wa kompyuta.

Kila kompyuta mbili zinapowasiliana, kuna mambo matatu yanayoweza kuandikwa: anwani ya kompyuta ya kwanza, anwani ya kompyuta ya pili, na aina ya huduma inayotakiwa. Hofmeyr aliyaandika mambo hayo kwa mfuatano wa tarakimu 49, kila moja ikiwa 0 au 1. Mifuatano inayoonekana siku za kawaida ndiyo “mwili wenyewe”. Kisha kompyuta ilitunga mifuatano mingine kwa bahati nasibu, iitwayo vitambuzi. Kitambuzi kilichofanana na mawasiliano ya kawaida katika kipindi cha mafunzo kilifutwa. Kilichosalia kilipewa kazi ya ulinzi, na baada ya hapo kila kilichofanana nacho kilihesabiwa kuwa kigeni.

JARIBIO LA DARASANI

Shule isiyo na kompyuta hata moja yaweza kulifanya jaribio hili kwa karatasi na sarafu. Tuseme mawasiliano ya kawaida ya mtandao mdogo ni mawili:

11001010
11010011

Sarafu irushwe mara 8 ili kupata kitambuzi. Upande wa kichwa uandikwe 1, na upande wa pili 0. Sharti ni hili: mifuatano miwili huhesabiwa kuwa imefanana iwapo ina tarakimu 4 zinazofuatana zilizo sawa, mahali pale pale.

Tuseme kitambuzi cha kwanza ni 00011010. Tarakimu zake 4 za mwisho, 1010, ni sawa na zile za mfuatano wa kwanza. Kwa hiyo kinafutwa. Cha pili ni 01101000. Kikilinganishwa na mfuatano wa kwanza, kinapatana nao kwa tarakimu 3 tu zinazofuatana, yaani ya 4, ya 5 na ya 6. Na mfuatano wa pili hakina hata tarakimu 2 za namna hiyo. Kitambuzi hiki kimefaulu. Sasa akija mgeni 01101111, tarakimu zake 5 za mwanzo zinalingana na za kitambuzi, naye atagunduliwa ingawa hakuna aliyepata kumwona kabla.

GHARAMA YA NJIA HII

Mifuatano ya tarakimu 8 iwezekanayo ni 256. Sharti likiwa tarakimu 4, kitambuzi kimoja hufanana na mifuatano 48. Sharti likipunguzwa kuwa tarakimu 3, kitambuzi hicho hufanana na mifuatano 107. Kitambuzi cha namna ya pili huona mengi, lakini ni vigumu kufaulu mchujo, kwani hugusa mawasiliano ya kawaida kwa urahisi. Kitambuzi cha namna ya kwanza hufaulu upesi, lakini huona machache, na hivyo vingi vyahitajika. Jambo hili si dogo. Mwaka 2001 Jungwon Kim, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika University College London, pamoja na msimamizi wake Peter Bentley, waliijaribu njia hii kwa data nyingi zaidi za mtandao. Waliona kwamba muda wa kutunga vitambuzi vya kutosha ulikuwa mrefu kupita kiasi.

Kosa la pili ni kengele ya uongo. Mtandao hubadilika: kompyuta mpya hununuliwa, huduma mpya huanzishwa. Kwa sababu hiyo kitambuzi cha Hofmeyr hakikupiga kengele kwa kufanana mara moja tu, na kengele yenyewe ilihitaji kuthibitishwa na binadamu. Seli T nayo husubiri ishara ya pili kabla ya kushambulia. Hata hivyo mwili hukosea: katika kisukari cha aina ya kwanza, seli T huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Kosa la tatu ndilo la kutisha zaidi. Adui akiwamo ndani wakati wa mafunzo, hufundishwa kuwa ni mwenyeji. Panya walioambukizwa virusi viitwavyo LCM kabla ya kuzaliwa huishi na virusi hivyo maisha yao yote, kwani seli zao T zimevizoea kama sehemu ya mwili. Vivyo hivyo, mtandao uliokwisha kuingiliwa siku ulipoanza kufundisha vitambuzi vyake utamlinda mwizi wake.

Basi kujijua ni ulinzi bora dhidi ya adui asiyejulikana, lakini hakuna budi kwanza kuhakikisha kwamba kile kinachoitwa “sisi wenyewe” ni safi.

MASWALI

1. Je, kitambuzi 01101000 kingefaulu mchujo kama sharti lingekuwa tarakimu 3? Eleza.
2. Andika mfuatano wa tarakimu 8 ambao kitambuzi 01101000 hakiwezi kuutambua kwa sharti la tarakimu 4.
3. Darasa zima litunge vitambuzi 40 kwa sarafu. Vingapi vimefaulu kwa sharti la tarakimu 4, na vingapi kwa sharti la tarakimu 3? Linganisheni.