Mtumbwi Uliolala Topeni

Mito mingi ya vilima vya Masisi hushuka upande wa magharibi na kuingia katika mto Lowa. Lowa hupita Walikale, katikati ya msitu mkubwa. Mahali pasipo daraja watu huvuka kwa mtumbwi. Fundi huangusha mti mnene ulionyoka, huuchimba ndani kwa shoka na tezo, kisha huchonga ncha zake. Ni kazi ya siku nyingi.

Je, mababu walianza lini kuchonga mitumbwi? Atakaye kujua habari za kale huchimba ardhi. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, katika Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki utokapo katika ziwa Edward. Alikuta mifupa ya samaki, na vyusa vya mfupa vyenye meno kama ya msumeno. Wavuvi wale waliishi miaka 20,000 hivi iliyopita. Lakini mtumbwi hakuuona. Basi, hawakuwa nao? Hapana awezaye kusema hivyo. Jiwe na mfupa hudumu, mti huoza. Mchwa huula, mvua na jua huumaliza, na mtumbwi uliochakaa mara nyingi hupasuliwa kuni.

Lakini ndani ya tope zito, chini ya maji, hewa haifiki, na vijidudu viozeshavyo mti havistawi. Ndivyo ilivyokuwa Nijeria. Mwaka 1987, katika kijiji cha Dufuna, mchungaji wa ng'ombe alikuwa akichimba kisima. Alipofika chini, mita 5 hivi, aligonga kitu kigumu. Kumbe ni mtumbwi! Urefu wake wapita mita 8, na umri wake ni miaka 8,000 hivi. Siku zile chuma hakikujulikana huko. Katika Afrika nzima haujapatikana mtumbwi wa zamani kuliko huo.

Mti wa namna hiyo umejaa maji kama sifongo. Ukianikwa juani husinyaa na kupasuka, na alama za shoka la babu hupotea kwa siku chache. Kwa hiyo mvuvi wa Lowa, au wa maziwa ya Mokoto kule Masisi, akiona topeni gogo lililochimbwa ndani, asilivute nchi kavu. Alifunike tena kwa tope bichi, kisha awaite wakubwa.

Maswali: Kwa nini vyusa vya Ishango vilipatikana, na mtumbwi haukupatikana? Ni kitu gani kilichouhifadhi mtumbwi wa Dufuna? Mwulize mzee wa kwenu ni mti gani ufaao kwa mtumbwi.