Hadaa ya Jicho Katika Kuuza na Kununua

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Atokaye bandarini Malindi akenda Darajani hukuta njiani picha nyingi za biashara, ukutani na juu ya mikebe na maboksi madukani. Picha hizo hazina ulimi, lakini zina usemi wao kwa jicho. Yampasa mnunuzi aujue usemi huo, kwani mali ni amana, na kila mtu ataulizwa alivyoichuma na alivyoitumia.

Jambo hili si jipya. Amepokea Muslim kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata maji: juu kukavu, chini kumerowa. Akamlaumu mwenye kuuza kwa kutoweka wazi kilichorowa, na akajitenga na kila mwenye kughushi.

Tena amekataza tasria, nayo ni kumwacha mnyama bila ya kumkama ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyehadaika hivyo ana khiyari ya kumrejesha, pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kuyakama.

Lakini Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ametaja katika Minhaj mas'ala ya pili: muuzaji kupaka wino nguo ya mtumwa ili adhaniwe kuwa ni mwandishi. Biashara hiyo imekwisha, na soko lake la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mafunzo yake yangaliko. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mnunuzi hapa hana khiyari, kwa kuwa angaliweza kuuliza au kujaribu, naye akatosheka na dhana yake.

Basi wino wa nguo ndio koti jeupe la mtu aliye katika tangazo la dawa ya meno. Hakuna aliyesema kuwa yeye ni tabibu. Koti ndilo lililosema. Na matone ya maji yaliyochorwa juu ya chungwa humwonyesha mtu tunda lililochumwa sasa hivi, na ndani ya boksi huenda mkawa maji na sukari. Na bei ya 9,900 huandikwa ili jicho lishike tisa, lisahau kwamba zimepungua mia tu kutimia elfu kumi.

Kubwa kuliko hayo ni picha ya mtoto mnene juu ya mkebe wa maziwa ya unga, kwani mama huweza kuacha kunyonyesha kwa ajili yake. Hata Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni ukapitisha mwaka 1981 kanuni ya kuwa mikebe ya maziwa ya watoto wachanga isitiwe picha za watoto.

Basi mwenye akili, kabla ya kutoa fedha, na ajiulize: picha imenambia nini ambalo maandishi hayakulisema? Kisha ageuze mkebe asome, au amuulize mwenye duka. Naye muuzaji asijifiche nyuma ya mas'ala ya wino: kukosa khiyari mnunuzi hakumhalalishii yeye hadaa.

Wallahu a'lam.