Wimbo wa Zamani Katika Vazi Jipya: Somo la Muziki kwa Darasa la Tano

Utangulizi

Mara nyingi somo la muziki katika shule za msingi hudhaniwa kuwa ni kuwaimbisha watoto tu. Katika makala haya twapenda kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuwafundisha watoto kusikiliza na kupambanua, kwa kutumia jambo walilolizoea redioni: wimbo wa zamani uliotengenezwa upya na wanamuziki wa baadaye. Tulilijaribu somo hili katika shule moja ya wilaya ya Igunga. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya, kwani mwalimu mwanafunzi hunufaika na makosa ya waliomtangulia.

Maarifa ya mwalimu

Yafaa mwalimu afahamu kwamba desturi hii imeenea duniani. Mwaka 1874 Mrusi Modest Mussorgsky alitunga muziki wa piano kumkumbuka rafiki yake, mchoraji Viktor Hartmann. Mwaka 1922 Mfaransa Maurice Ravel aliupanga upya ili upigwe na okestra kubwa. Mwaka 1971 kundi la roki la Uingereza, Emerson, Lake & Palmer, lilitoa sahani ya muziki huohuo kwa ngoma na vinanda vya umeme. Mwaka 1976 Mmarekani Walter Murphy naye aliigeuza Simfonia ya Tano ya Beethoven kuwa muziki wa disko. Vyombo vilibadilika, mapigo yalibadilika, lakini msikilizaji aliyeyajua mahadhi ya asili aliyatambua.

Kwetu Tanzania mfano unaofahamika ni wimbo "Maria Salome" wa Saida Karoli, msanii wa Kagera aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuimba Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya kwa jina la "Salome", kwa mapigo ya Bongo Fleva. Mfano huu twautoa kwa ajili ya mjadala wa wanachuo. Kwa watoto wa Darasa la Tano nyimbo za mapenzi hazifai, na mwalimu hana haja ya kuzitumia, maana upo wimbo bora zaidi ambao wote wanaujua.

Wimbo huo ni wa taifa letu. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1961 Tanganyika iliyachukua mahadhi hayo kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliyachukua mwaka 1964, na tangu mwaka 1997 yamekuwa sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini.

Madhumuni

Mwishoni mwa kipindi cha dakika 40 mwanafunzi aweze kujibu maswali matatu juu ya wimbo wowote uliotengenezwa upya: Ni kitu gani kimebaki? Ni kitu gani kimebadilika? Nani aliyekuwa nao kwanza?

Zana

Ubao, chaki, ngoma moja, na vitu vya kupiga vinavyopatikana shuleni: vijiti, makopo, visoda vilivyotungwa kwenye waya. Redio au simu si lazima.

Hatua za somo

1. Wanafunzi waimbe ubeti mmoja wa wimbo wa taifa wakiwa wima, kwa heshima. Mwalimu awaeleze habari za Sontonga, kisha aandike maswali matatu ubaoni na kuwaongoza kuyajibu.

2. Siku moja kabla ya somo, wanafunzi waagizwe kuomba wimbo wa kazi kwa wazee wa nyumbani. Igunga ni nchi ya pamba, na nyimbo za kulimia zipo tele. Mwalimu akumbushe pia kwamba mkoa wa Tabora ulikuwa kitovu cha njia ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi waliimba safarini: mmoja akianza, wengine wakiitikia. Mwanafunzi mmoja auimbe wimbo aliouleta, na wenzake waitikie.

3. Darasa ligawanywe katika vikundi. Kila kikundi kiutengeneze upya wimbo huo: kimoja kibadili mwendo, kingine mapigo, kingine kitunge maneno mapya juu ya shule. Mahadhi yabaki.

4. Kila kikundi kiimbe, na wengine wajibu yale maswali matatu.

Kosa letu

Msichana mmoja alileta wimbo wa kulimia wa Kisukuma aliofundishwa na bibi yake. Alipoanza, wavulana kadhaa walicheka. Wimbo ule waliuona wa kizee. Lakini mmoja wao alipoyapiga mapigo yake juu ya dawati, kicheko kikakoma, na muda si mrefu darasa zima likawa linaitikia. Sisi tukafurahi kupita kiasi. Tukaandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Wimbo wa Darasa la Tano."

Yule msichana akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mbona bibi hayumo?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha swali la tatu, nasi wenyewe tukalisahau. Tulifuta maandishi yale, tukaandika jina la bibi, na chini yake maneno haya: "umetengenezwa upya na Darasa la Tano."

Jambo hili si dogo. Mwaka 1939 Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo "Mbube". Mwaka 1961 vijana wa Marekani, The Tokens, waliuvumisha duniani kwa maneno mapya na jina jipya. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na jamaa zake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Kuutengeneza wimbo upya ni kuupa uhai wa pili. Kumficha aliyekuwa nao kwanza ni kumdhulumu, na mtoto aweza kulielewa hilo akiwa bado Darasa la Tano.

Zoezi kwa wanachuo

Tafuta wimbo mmoja wa kazi kwa mzee wa mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Andika jina lake, kijiji chake, na kazi iliyoambatana na wimbo huo. Muombe ruhusa ya kuutumia darasani. Andaa somo kwa hatua tulizozieleza, na likiisha, ikiwezekana, mwalike mzee huyo aje asikilize walichokifanya watoto. Yeye ndiye atakayekwambia kama mahadhi yamebaki.